Nani Alipie Kiti Kitupu?

Safari ni haja ya kila mtu, lakini si kila mtu ana chombo. Kwa sababu hiyo watu walibuni chombo cha shirika, ambacho mtu hununua sehemu yake ndogo kwa nauli, akaitumia kwa saa chache kana kwamba ni mali yake, kisha akamwachia mwenziwe. Chombo hicho ndicho basi. Thamani yake haiko katika injini wala katika rangi, bali katika ahadi: kwamba siku fulani na saa fulani litaondoka, abiria wawe watatu au wawe sitini. Gari lisilo na ahadi hiyo ni bahati tu, na maisha ya mtu hayawezi kupangwa juu ya bahati.

Swali la insha hii ni jepesi kwa maneno na zito kwa maana. Basi likipanda mlimani lina viti vingi vitupu, ni nani impasaye kuvilipia?

Mkoa wa Katavi watupa mfano. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na makao yake ni Mpanda. Lami imekwisha kuufikia mji huo, kutoka Tabora kwa upande wa kaskazini, na juu ya lami mabasi hushindana kutafuta abiria. Mtu akiiacha njia kuu, akashika njia ya vijiji vya nyanda za juu za Mwese au ya vijiji vingine vya vilimani, mambo hugeuka. Huko abiria ndiye atafutaye gari. Mvua za Novemba hadi Aprili huifanya njia kuwa tope. Gari dogo husubiri mpaka lijae na kupita kiasi. Bodaboda huchukua mgonjwa na mzigo kwa bei ambayo mkulima huilipa kwa kuuza alichokusudia kula.

Haifai kumlaumu mwenye gari kwa haraka. Mlima hula mafuta, mashimo huvunja springi, na tairi lililochanika halilipwi kwa huruma. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo huweka nauli kwa kila kilomita ya abiria mmoja, yenyewe imeweka kiwango cha juu zaidi kwa barabara ya vumbi kuliko barabara ya lami. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini tazama matokeo yake: mtu mwenye kipato kidogo hulipa zaidi kwa safari iliyo mbaya zaidi. Hakuna mwizi katika jambo hili, na hata hivyo kuna aliyepunjwa. Haya ndiyo mambo magumu ya maadili, pale kila mmoja anapofanya lililo halali, na jumla ya halali zote ikawa dhuluma.

Yuko atakayesema: “Aliyechagua kukaa mlimani na abebe gharama ya mlima.” Neno hili lina sura ya haki, lakini historia ya nchi hii hailikubali. Si wote waliochagua. Mwese ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda katika miaka ya 1960. Katumba ilifunguliwa mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978 kwa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Watu hao walionyeshwa mahali pa kulima, wakalima. Katika miaka ya 1970 maelfu ya raia wengine nchini walihamishwa kuingia katika vijiji, wakiambiwa kwamba wakikusanyika pamoja, huduma zitawafuata. Serikali ikimweka mtu mahali, au ikimhamisha kwa ahadi ya huduma, haiwezi kesho kumwambia kwamba umbali wake ni shauri lake mwenyewe. Na hata yule aliyechagua, mahindi na maharage yake hayaulizwi yametoka mlima gani yanapofika sokoni. Mji upendao chakula cha mlima hauwezi kuikana njia ya mlima.

Faida nayo ni mwalimu mwenye macho mafupi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, na iliyoiita ilikuwa madini ya risasi yaliyochimbwa huko. Muongo mmoja tu baadaye uchimbaji ule ulikwisha. Kwa hesabu ya madini, reli ile ilikuwa imekufa. Lakini ilibaki, ikachukua watu na mazao kwa miongo mingi, na mji ukakua kando yake. Waliohesabu tani za risasi hawakuweza kuhesabu mwanafunzi aliyeipanda kwenda shule, wala mgonjwa aliyeipanda kwenda Tabora.

Katika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, aliishi tabibu Adrian Atiman, aliyefika mwaka 1889 na kukaa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa mgonjwa aliyelala mwendo wa siku tatu kwa miguu, je, tabibu huyo alikuwapo? Jengo la zahanati, shule na mahakama vina urefu sawa na urefu wa njia inayofika huko. Katiba humpa raia haki ya kwenda atakako katika nchi yake; lakini haki ya kwenda, bila chombo cha kwendea, ni kama ruhusa ya kula mbele ya chungu kitupu.

Yako makosa mawili katika kuhesabu kiti kitupu. La kwanza, basi hushuka asubuhi limejaa na jioni hupanda limepungukiwa. Mwenye hesabu huona hasara katika kupanda, akasahau kwamba lisipopanda jioni halitashuka kesho. La pili ni baya zaidi. Husemwa kwamba njia fulani haina abiria. Lakini abiria huhesabiwa kituoni, na mtu ajuaye kwamba gari haliji hatakwenda kituoni kuhesabiwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Walisema kuonya, nasi tumelifanya neno lao kuwa kanuni ya kugawia huduma.

Basi serikali na inunue mabasi yote? Jambo hilo lilijaribiwa. Baada ya Azimio la Arusha yalikuwapo mashirika ya umma, kama KAMATA na kampuni za usafirishaji za mikoa. Yalifanya kazi njema kwa muda, kisha ukosefu wa vipuri na hasara viliyadhoofisha. Iko njia ya katikati. Katika Uswisi, nchi ya milima, mabasi ya posta hupanda hadi vijiji vidogo, na pengo kati ya nauli na gharama hulipwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Na huko pia, mwaka 2018, ilifichuliwa kwamba kampuni ya mabasi hayo ilikuwa imeficha faida ili ipate ruzuku zaidi. Mfano huu hufundisha mara mbili: kwamba kiti kitupu chaweza kulipiwa na wote, na kwamba fedha ya wote yataka mlinzi asiyelala.

Kiasi cha deni ni lazima kijulikane, kwa maana deni lisilo na kipimo halilipwi. Hatudai basi la kila saa kwa kila kitongoji. Madai ya haki ni haya: kila kijiji kiwe na gari la siku zinazojulikana, walau siku ya gulio na siku ya kliniki, kwa nauli isiyozidi ile ya lami, halmashauri iitangaze njia hiyo kwa zabuni, na pungufu lilipwe kwa mkataba ulio wazi, usomwao mbele ya wanakijiji. Nao wanakijiji wana wajibu wao: kulipa nauli, kutunza mitaro ya njia, na kushuhudia kwa kweli kama gari lilikuja au halikuja.

Aliye mjini atauliza kwa nini atoe senti kwa kiti asichokikalia. Jibu ni kwamba yeye pia hutumia daraja asilolijenga na barabara aliyolipiwa na wengine, wakiwamo walipa kodi wa mlimani wasiopita juu yake. Akiona haki katika hilo, na aione katika hili pia.