Nani Analipia Kungoja?

Mashabiki wa bustani za burudani kule Marekani wana ugomvi wao wa kudumu, na ukiusikia kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanabishana kwa hasira kuhusu rola kosta, ile treni ndogo inayopandishwa juu ya mnara wa chuma kisha inaachiwa ishuke kwa kasi ya kumtoa mtu roho. Mmoja anasema tiketi imekuwa ghali kupita kiasi. Mwingine anamjibu kwamba hakuna aliyemlazimisha kununua. Wa tatu anauliza mchezo mpya uliotangazwa miaka ile uko wapi. Wa nne anamwambia atulie, kitu kizuri hakitaki haraka.

Ukivumilia kuwasikiliza, utagundua kwamba bei ni kisingizio tu. Wanachogombania ni swali la haki: mtu akikuuzia kitu ambacho bado hakipo, ana haki ya kukudai subira kiasi gani? Na hasara ya kungoja ibebwe na nani?

Tuanze na tiketi yenyewe, maana haikuwa hivi siku zote. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, mtu mzima alilipa dola 1 getini, halafu kila mchezo ukawa na malipo yake. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya kuponi zenye herufi. Kuponi ya A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo. Ile ya E, iliyoanza mwaka 1959, ndiyo ilikupandisha kwenye michezo mikubwa kama Matterhorn. Ulikuwa utaratibu wa wazi kama wa duka la mtaani: unacholipia ndicho unachopata. Mchezo ukiwa umefungwa siku hiyo, kuponi yako inabaki mfukoni.

Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa mwaka 1961, ilikuja na njia nyingine: lipa mara moja getini, kisha panda mpaka uchoke. Disneyland nayo ikaachana na kuponi mwaka 1982. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Hakuna tena mzazi wa kuhesabu vikaratasi huku mtoto analia kwa sababu E zimeisha.

Lakini kuna jambo lilibadilika kimyakimya. Zamani mchezo ukifungwa, mwenye bustani ndiye aliyepoteza, maana kuponi haikukatwa. Sasa mchezo ukifungwa, pesa yako imeshapita getini. Hasara imehama mkono mmoja kwenda mwingine, na hakuna aliyeitangaza siku ilipohama.

Angalia mfano wa jumba la mizimu la Disneyland, Haunted Mansion. Jengo lake lilikamilika kwa nje mwaka 1963, likakaa pale likitazamwa na wapita njia hadi Agosti 1969 ndipo wakaingia. Miaka sita! Kibaoni waliandika utani wa kuwakaribisha mizimu waje kuishi humo. Watu walingoja, pengine walinung'unika, ila hakuna aliyekuwa amekatwa senti kwa ajili ya jumba lile. Kuponi haikuwalipisha kitu ambacho hawajapanda. Kungoja kwao kulikuwa kungoja kwa bure.

Sasa linganisha na TRON Lightcycle Run ya Walt Disney World, Florida. Ilitangazwa mwaka 2017, ikatarajiwa kuwa tayari kwa sherehe za miaka 50 ya mahali pale, Oktoba 2021. Ikaja korona, ujenzi ukasimama, na mchezo ukafunguliwa Aprili 2023. Kwa korona hatuwezi kumlaumu mtu. Hata hivyo, tangazo lilishafanya kazi yake. Kuna watu walipanga safari kwa kuangalia tarehe ile. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya tangazo alikuwa kijana wa miaka 15 au 16 mlango ulipofunguka, umri ambao wengi hawataki hata kuonekana wakitembea na wazazi wao. Mchezo ulifika. Mtoto yule hakuwepo tena.

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Wapo watakaosema methali hii haiwahusu matajiri wa bembea, kwamba tangazo la biashara si ahadi, ni maneno ya kuvutia wateja tu. Hapo ndipo siwaelewi. Fundi cherehani akikuambia nguo itakuwa tayari kabla ya Idi, halafu akakuletea siku mbili baada ya Idi, nguo ni ile ile, mshono ni ule ule, hakukuongezea bei. Mbona bado umedhulumiwa? Kwa sababu siku ilikuwa sehemu ya nguo. Ulipomwachia malipo ya awali, ulinunua kitambaa kilichoshonwa pamoja na asubuhi ya sikukuu.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alilieleza hili kwa mfano wa wakulima wawili majirani. Mazao ya mmoja yanakomaa leo, ya mwenzake kesho. Wote wangefaidika wakisaidiana kuvuna. Lakini anayetakiwa kutangulia kusaidia anawaza: nikimsaidia leo, nani atanihakikishia kwamba kesho atakuja kwangu? Basi kila mmoja anabaki peke yake shambani, na mavuno yanapotea. Kwa Hume, ahadi ni kitu walichobuni binadamu ili kuvuka pengo hilo kati ya leo na kesho.

Hebu tazama nani katangulia kusaidia kwenye hadithi yetu. Mnunuzi wa pasi ya msimu analipa kabla msimu haujaanza. Kampuni ni yule jirani ambaye mazao yake yameshaingia ghalani. Ikifika zamu yake kushika jembe, hana cha kumsukuma zaidi ya aibu.

Niseme upande wa pili kwa haki. Kuna kuchelewa ambako ni wajibu. Cedar Point, bustani iliyoko Sandusky, Ohio, ilikuwa na mnara wa mita 128 ulioitwa Top Thrill Dragster. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Mchezo haukufunguliwa tena kwa jina lile. Ukajengwa upya, ukaitwa Top Thrill 2, ukafunguliwa kwa umma Mei 4, 2024, ukafanya kazi siku chache tu, kisha ukafungwa msimu wote uliobaki ili magari yake yarekebishwe. Umerudi mwaka 2025.

Mwenye pasi alikasirika, na ukimwuliza kama angetaka wafungue hivyo hivyo, atakuambia hapana. Hakuna shabiki mwenye akili timamu anayetaka kurushwa mita 128 na mashine ambayo fundi wake ana wasiwasi nayo. Kwa hiyo hasira yake si dhidi ya usalama. Anachouliza ni hiki: kama kuchelewa ni kwa faida ya wote, kwa nini gharama yake nibebe mimi peke yangu, niliyelipa mapema kwa kuwaamini?

Swali hilo hilo linarudi kwenye foleni. Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass: unachukua karatasi yenye saa, unaendelea na mambo yako, unarudi saa yako ikifika. Ilikuwa bure kwa kila aliyeingia getini. Mwaka 2021 nafasi hiyo ikageuzwa kuwa kitu cha kununua. Sasa, rola kosta ina viti vyake na inabeba idadi fulani ya watu kwa saa. Kulipa hakuzalishi kiti kipya. Kila anayepita njia ya mkato anasukuma kungoja kwake kwa mtu aliyesimama njia ya kawaida. Michael Sandel, katika kitabu chake What Money Can't Buy cha mwaka 2012, alitumia sura nzima kwa mambo haya ya kununua nafasi ya mbele, na anatukumbusha kwamba foleni ina maadili yake: aliyetangulia kufika atangulie kuhudumiwa. Ni moja ya sehemu chache ambapo tajiri na dereva wake husimama sawa juani.

Jibu la mwisho la wapinzani nalijua: jamani, haya ni mambo ya anasa. Dunia ina njaa na vita, ninyi mnalilia bembea. Ni kweli, hakuna aliyekufa kwa kukosa TRON. Lakini udogo wa kitu haufuti deni. Aliyekopa shilingi mia anadaiwa shilingi mia. Isitoshe, si kila mgeni ni shabiki wa kurudi kila wiki. Tiketi ya siku moja ya Disneyland, siku zenye watu wengi, sasa imepita dola 200. Familia ya watu wanne piga hesabu mwenyewe, bado nauli na malazi. Kwa mwenye pasi, mchezo uliofungwa ni usumbufu, atarudi mwezi ujao. Kwa familia iliyodunduliza miaka mitatu, hakuna mwezi ujao. Siku yao ni hiyo hiyo moja. Hao ndio wanaolipa zaidi kwa kungoja, na ndio ambao hatuwasikii kwenye ugomvi, maana hawana muda wa kubishana kuhusu rola kosta.

Suluhisho halihitaji mwanafalsafa. Usitaje tarehe usiyonayo. Mchezo ukiwa umefungwa, mwambie mtu kabla hajatoa pesa, siyo akiwa ameshaingia ndani na watoto wamevaa kofia. Na ukiwa umeuza msimu kwa jina la mnara mmoja, mnara ukalala, rudisha sehemu ya kile ulichopokea. Kuponi ya E iliyabeba mambo haya yote ndani ya kikaratasi: mnara umelala, nami kuponi yangu bado ninayo. Miaka zaidi ya arobaini tangu iondolewe, mashabiki wanaigombania bila kuitaja jina.