Moto Usiosamehe Uongo



Mmezoea kuhubiriwa juu ya moto wa jehanamu. Leo nataka kuwahubiria moto mwingine, ule ambao Mungu aliuficha ndani ya jiwe. Na jiwe lenyewe halipo mbali. Bahi, ambayo hadi 2007 ilikuwa nyumba moja nasi katika Dodoma Vijijini, imechorongwa na watafiti wa urani, na Manyoni vilevile. Kule Mto Mkuju, Namtumbo, Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata madini hayo. Basi asiseme mtu hapa Chamwino kwamba nyuklia ni mambo ya Ulaya. Urani imetafutwa jirani na majaruba ya mpunga ya wakwe zetu na shemeji zetu.

Nani kwetu asiyetaka umeme? Bwawa la Mtera tunalijua, liko mpakani mwa wilaya yetu. Mitambo yake ni ya megawati 80, na kazi yake kubwa ni kulitunzia maji bwawa la Kidatu. Mvua ilipogoma, 2006 na tena 2011, nchi nzima iliingia kwenye mgao. Mashine za kusaga zikalala na wanafunzi wakarudi kwenye koroboi. Hata bwawa jipya la Julius Nyerere kule Rufiji, pamoja na megawati zake 2,115, linainua macho mbinguni kama mkulima wa uwele. Kinu cha nyuklia hakisubiri wingu lijae mtoni. Viini vya urani vinapasuka, joto lake linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, kiangazi na masika. Kilo moja ya urani ile inayopasuka, ikiisha yote, hutoa joto linaloshinda tani 2,000 za makaa ya mawe, na kinu hakitoi moshi. Ufaransa inapata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwa njia hiyo. Sisi tunaoona vilima vyetu vikivuliwa nguo kwa ajili ya magunia ya mkaa, hatuna haki ya kuidharau neema ya namna hii.

Lakini moto huu hausamehe uongo, na hapo ndipo moyo wangu unapotetemeka.

Niungame kwenu. Miaka ya nyuma nilikuwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Pampu ikaanza kukoroma kama mtu mwenye pumu. Fundi akasema izimwe, beringi zimekwisha. Wiki ile tulikuwa tunategemea mgeni mkubwa, tukaona haya kumwonyesha mabomba makavu, tukamwambia fundi anyamaze. Nami nilinyamaza. Mashine ikaungua. Kwa wiki tatu kina mama walifukua maji kwenye mchanga wa korongo, wakigombania na ng'ombe. Tulitubu, tukachangishana, tukanunua pampu nyingine. Kosa letu lilikuwa na bei, na bei hiyo tuliimudu.

Mji wa Pripyat hakuna mchango ulioweza kuurudisha. Usiku wa kuamkia 26 Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kilipasuka, na asubuhi watoto wa mji ule wa jirani walikwenda shule kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wazazi wao. Watu karibu 49,000 walikaa ndani ya mionzi hadi mchana wa siku ya pili, ndipo mabasi yakaja. Dunia ilishtuka baada ya vipimo vya kinu cha Sweden kugundua mionzi iliyobebwa na upepo. Hadi leo Pripyat ni mahame.

Yako pia mabaki. Plutoni inayozaliwa ndani ya kinu hupungua kwa nusu baada ya miaka 24,000. Wafini wamechimba mwambani zaidi ya mita 400 ili kuyazika yao. Sisi tunaoishi kwenye tawi la Bonde la Ufa, ambako ardhi hututikisa tukiwa kitandani, tutayazika wapi? Ulizeni. Yesu mwenyewe alimsema mtu anayeanza mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu.

Wahubiri wenzangu, acheni kuiita nyuklia kazi ya shetani. Mionzi inawatibu ndugu zetu wenye saratani pale Ocean Road. Nanyi viongozi, msimwite mwoga mama wa Bahi anayeuliza juu ya vumbi na kisima chake. Gharama ya kutouliza tunaijua: babu zetu walitusimulia Mtunya, njaa iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana bila kuuliza ghalani kumebaki nini, kisha mvua ikakosekana. Kwa hiyo pimeni maji ya Bahi kabla ya kuchimba na baada ya kuchimba, na majibu yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, mchana kweupe. Tume ya Nguvu za Atomiki, tuliyoiunda kwa Sheria Na. 7 ya 2003, ipewe fedha na ubavu wa kusema "simamisha" hata mbele ya mwekezaji mwenye haraka. Na fundi anayepiga kelele alindwe!

Tarehe 11 Machi 2011 bahari ilipanda kwenye pwani ya Japani. Kule Fukushima, ambako maonyo ya wataalamu juu ya mawimbi makubwa yalikuwa yamewekwa kando, vinu vitatu viliyeyuka. Kinu cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, nacho kilizimika salama. Miaka mingi kabla, mhandisi Yanosuke Hirai alikuwa amewang'ang'ania wenzake kijengwe juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari, ingawa wao waliona hiyo ni gharama bure. Alifariki 1986, bila kuliona wimbi. Lilipokuja, likafagia vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 300 waliopoteza nyumba zao wakakimbilia ndani ya uzio wa kinu kile kile, wakapewa blanketi, wakalala humo.