Mashine ya Gemu: ya Mkononi, ya Nyumbani au Mseto?

Mashine za gemu zilizoeleka kugawanywa makundi mawili. Ya mkononi, kama Game Boy ya mwaka 1989, hubeba kioo, betri na vitufe vyake yenyewe. Ya nyumbani, kama PlayStation 2 ya mwaka 2000, hutaka umeme wa ukutani na televisheni. Tarehe 3 Machi 2017 Nintendo ilitoa Switch, inayochezwa mkononi na pia kupachikwa kwenye kituo chake ili picha ihamie kwenye televisheni. Hiyo ndiyo huitwa mseto. Linalobaki kuulizwa ni kama aina ya kitu hutokana na kitu chenyewe au na jinsi watu wanavyokitumia.

Kipimo cha matumizi hukwama mapema jijini Mwanza. Huko, kama katika miji mingi ya Tanzania, PlayStation hukaa kwenye kibanda cha gemu, vijana wakalipia kwa mechi au kwa dakika. Sebule ya mtu haijui. Kwa matumizi yake ni chombo cha biashara, jamaa ya cherehani ya fundi barazani, lakini hakuna anayedai kwamba imegeuka aina. Neno "nyumbani" lilimaanisha sebule za walioiuza kwanza.

Msafiri wa meli ya usiku akicheza Switch mkononi kutoka Mwanza, kisha akaiunganisha na televisheni ya mwenyeji wake Bukoba, ameshika chombo kilekile. Aristotle alikwisha kujibu hoja ya namna hii: mwashi asiyejenga kwa sasa bado ni mwashi, kwa kuwa uwezo haupotei kazi inaposimama. Switch iliyo mkononi ni mseto hata kama haitaona televisheni maisha yake yote. Kwa kipimo hichohicho, Switch Lite ya mwaka 2019, isiyoweza kupeleka picha kwenye televisheni, ni ya mkononi tu, jina lake liseme litakalo.

Ziwa Victoria lina kiumbe wa mpakani pia. Kamongo ana mapafu, na aliyekomaa akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa hufa maji, ingawa ni samaki. Hahesabiwi mseto, kwa sababu nasaba yake inamweka upande mmoja. Mashine haina nasaba ya kuamua. Hurithi jina inalopewa na kampuni tu, na Switch Lite inaonyesha jina hilo lisivyotosha.

Kipimo cha uwezo nacho kina ufa. PSP ya toleo la mwaka 2007 iliweza kupeleka picha kwenye televisheni kwa waya ulionunuliwa kando, na bado huhesabiwa ya mkononi. Hapo dhamira ya mtengenezaji huingia: kwa Switch televisheni ni nusu ya mpango mzima, kwa PSP ilikuwa nyongeza.