Tusherehekee Nini?

Ndugu zetu wa darsa hapa Shianda wamekusudia kuadhimisha miaka ya jamaa yetu. Ametajwa ng'ombe wa kuchinjwa, limetajwa turubai, zimetajwa na kanzu za sare. Kulisha watu ni jambo jema, wala hatulikatazi. Lakini yapasa kwanza tujiulize: twasherehekea nini? Ikiwa ni kupita kwa miaka, miaka ni ya Mwenyezi Mungu. Hata jiwe la njiani latushinda umri.

Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuwawekea Waislamu tarehe, alishauriana na Masahaba. Hawakuichagua siku aliyozaliwa Mtume (S.A.W.), wala aliyofariki, walichagua Hijra, watu walipoacha nyumba na mali zao kwa ajili ya dini. Basi umri wa umma ukahesabiwa kwa tendo. Na Al-Islah, gazeti aliloanzisha Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui huko Mombasa mwaka 1932, halikudumu. Lakini hata leo latajwa kwa kazi yake.

Haya, tuyatazame matendo yetu. Yuko mzee aliyekuwa akitutandikia mikeka tangu siku ya kwanza. Alitolewa maneno mabaya kwa hitilafu ndogo, akaondoka. Nami ni miongoni mwa walionyamaza. Vipi tutausifu udugu wetu juu ya sinia la pilau, naye amekaa kwake peke yake?

Rai yangu ni hii: kabla ya kununua ng'ombe, twende tukamwombe radhi. Akitusamehe, siku hiyo ndiyo ya kuhesabiwa.

Wallahu aalam.