Swali la Moonias

Duncan Campbell Scott anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kanada wa kizazi chake. Mwaka 1905 alikuwa ndani ya mtumbwi kwenye mito ya kaskazini mwa Ontario, na hakupelekwa huko na ushairi. Alikuwa mmoja wa makamishna watatu waliotumwa kuwasainisha Waojibwe na Wacree mkataba na Mfalme wa Uingereza, ule unaoitwa Mkataba Na. 9. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kukubaliwa baina ya serikali ya Kanada na ya jimbo la Ontario kabla safari haijaanza, na makamishna hawakuwa na ruhusa ya kuyabadilisha. Hivi wazee waliokuwa wanawangojea huko walikuwa wanakwenda kujadiliana nini?

Walipofika Fort Hope, mtu mmoja aitwaye Moonias aliuliza swali ambalo makamishna wenyewe waliliingiza kwenye ripoti yao. Alisema tangu aanze kujitafutia riziki hajawahi kupewa kitu cha bure. Kila alichopata alikilipia. Leo nyinyi mnakuja kwa jina la mfalme, mnatupa mema ambayo hatuna cha kuyarudishia. Imekuwaje? Nimesoma falsafa nyingi kuhusu ridhaa, na bado sijakutana na swali linalolipita hili. Bwana yule alikuwa amenusa kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye karatasi. Karatasi ilisema wenyeji wanaiachia serikali ardhi yao, na kwamba wataendelea kuwinda na kuvua isipokuwa pale patakapochukuliwa, mara kwa mara, kwa makazi, migodi, ukataji wa magogo, biashara au shughuli nyinginezo. Hiyo “nyinginezo” ina tumbo kubwa, inameza nchi nzima. Lakini mdomoni waliambiwa jingine. Kule Osnaburgh, Missabay, chifu mzee asiyeona, alieleza hofu kwamba watafungiwa kwenye eneo dogo na kunyimwa uwindaji wao. Akaambiwa hofu hiyo haina msingi. Kamishna mwenzake Scott, Daniel George MacMartin, aliandika kwenye shajara yake kwamba watu waliambiwa watawinda na kuvua kama zamani. Shajara hiyo ilikaa kimya kwa miongo mingi. Ukitaka kuona ilivyowagusa wajukuu wao, tafuta filamu ya Alanis Obomsawin ya mwaka 2014, *Trick or Treaty?*

Sisi Waswahili tuna methali za pande zote mbili. Mali bila daftari huisha bila habari, ndiyo. Lakini pia ahadi ni deni, na hakuna aliyesema ni deni ikiwa imepigwa muhuri tu. Wamaasai wanaijua hadithi hii, tena kutoka kwa ufalme huohuo na miaka ileile. Mwaka 1904 waliahidiwa maeneo yatakayokuwa yao maadamu kabila lao lipo. Kufika 1911 wakawekewa mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 wakaambiwa mkataba wao ni jambo la dola na dola, mahakama haina la kusema. Kumbe ni dola pale inapofaa.

Turudi Ontario. Mwaka 2007 kiligunduliwa kromiti kingi kwenye nyanda za kinamasi zinazoelekea Ghuba ya James, na kuna nikeli pia. Eneo likapewa jina la wimbo wa Johnny Cash, Ring of Fire, kana kwamba halikuwa na wenyewe wa kulipa jina. Kinamasi hicho kimeficha kaboni ya maelfu ya miaka ndani ya majani yaliyooza nusu, kwa hiyo kila mradi huko ulitarajiwa kupitia tathmini ya athari kwa mazingira.

Hapa ndipo ninapopata shida. Tathmini inauliza: madhara ni kiasi gani, na yatapunguzwaje? Swali halali kabisa, ila linakuja baada ya jingine kurukwa: nani alikubali pachimbwe? Matokeo yake mtu anayetaka kusema “hatukukubali” analazimika kusema “samaki watakufa”. Analeta ushahidi wa maji, wa wanyama, wa udongo, kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee yenye fomu ya kujaza. Mtaalamu akija kuthibitisha kwamba samaki hawatakufa, basi, hoja imekwisha, kibali kinatoka. Mazingira yamebebeshwa mzigo usio wake.

Hata mlango huo mwembamba umesukumwa. Juni 2025 bunge la Ontario lilipitisha sheria inayoruhusu kutengwa kwa maeneo maalumu ya kiuchumi ambako sheria nyingine zinaweza kuwekwa kando, na mgodi wa nikeli wa Eagle's Nest ukaondolewa sharti la tathmini ya jimbo. Hoja ya serikali ni kwamba dunia inataka madini haya sasa. Inayataka kweli, hata betri za magari ya umeme tunayoyashangilia zinahitaji nikeli.

Wala wenyeji hawana sauti moja. Jamii za Webequie na Marten Falls zimeongoza zenyewe tathmini za barabara za kuelekea huko. Sioni usaliti hapo. Ukiishi mahali pasipo barabara ya msimu wote, unaitaka. Ila mto Attawapiskat hausimami kwenye mpaka wa jamii iliyosema ndiyo. Unakwenda hadi ghubani, kwa wengine. Na jamii ya Neskantaga, iliyopinga, imekuwa ikiambiwa ichemshe maji ya bomba kabla ya kunywa tangu 1995. Serikali iliyoshindwa kuwapa maji safi inawaomba waamini kwamba itayalinda ya mtoni.

Mkataba uliahidi dola 8 kwa kila mtu siku ya kusaini, kisha dola 4 kila mwaka. Hizo 4 zinalipwa mpaka leo, bila kuongezwa hata senti, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.