Je, Aliyefika wa Mwisho Ameshindwa?

Wazee wetu walisema: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Katika mji kama Kigoma, ambako ziwa li mbele ya macho ya kila mtu tangu alfajiri, methali hii yaeleweka upesi. Lakini ndani yake limefichwa swali lisilo jepesi: kwa nini nimalize nilichokianza, ikiwa ni dhahiri kwamba sitakuwa wa kwanza, wala hapana mtu atakayenilipa? Twamwomba msomaji atufuate kidogo katika swali hili. Mfano wetu tutauchukua katika michezo, kwa sababu mchezo huonyesha wazi mambo ambayo kazi ya kutafuta riziki huyafunika.

Yako mashindano yaitwayo triathloni, yaani michezo mitatu iliyofungwa pamoja. Mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, akishuka katika baiskeli hukimbia kwa miguu, na saa haisimami mpaka ayamalize yote matatu. Mashindano yenye jina hilo yalifanywa San Diego, Marekani, mwaka 1974, na mwaka 2000 yakaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney. Kipimo cha Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Wanaoanza mara nyingi huchukua nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Kuogelea huwekwa mwanzo, na sababu yake ni ya busara: aliyechoka barabarani aweza kukaa chini ya mwembe, lakini aliyechoka majini hana pa kukaa.

Tuseme basi kwamba vijana watatu wa kwetu wajitia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Mmoja ni mwana wa mvuvi wa Katonga, naye maji ameyajua kabla ya kujua kusoma. Wa pili amezoea kupakia madumu ya mawese juu ya baiskeli na kuipandisha vilima vya Mwanga. Wa tatu ni mwanafunzi mwepesi wa mbio. Kila mmoja ana saa yake ya fahari, na kila mmoja ana saa yake ya kunyenyekea, anapowaona wenzake wakimpita katika jambo asilolizoea. Tena wote watatu watapata mshangao ule ule: mtu ashukapo katika baiskeli na kuanza kukimbia, miguu huwa mizito kama magogo, hata adhani si yake. Huo ndio wakati ambapo moyo huanza kuuliza: nani aliyenituma?

Wako watakaosema kwamba swali hilo ni la haki kabisa. Mvuvi hukesha juu ya maji akivua dagaa kwa taa. Mama hupanda mlima na mzigo kichwani. Mbona mtu ajitafutie taabu nyingine isiyoleta hata kibaba cha unga? Neno hili lisidharauliwe. Hakika taabu peke yake si wema. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Njia ile walipita wapagazi wenye kulipwa ujira, wakapita na watumwa waliofungwa minyororo. Mtumwa yule alivumilia kuliko mwanamichezo yeyote wa leo. Walakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kufika kwake pwani kulikuwa ushindi. Kwa nini? Kwa sababu mwendo ule haukuwa wake. Hakuuchagua, wala hakuwa na uhuru wa kuuacha.

Basi thamani ya kumaliza haitoki katika maumivu, bali hutoka katika hiari. Aliyejiandikisha kwa mkono wake ametoa ahadi, ijapokuwa hakuitoa kwa mtu ila kwa nafsi yake. Na mtu asiyeheshimu ahadi aliyojipa mwenyewe, ataheshimuje ile atakayompa mkewe, mwajiri wake au wananchi wenzake? Mchezo watupa mahali pa kulipima neno letu hasara ikiwa bado ndogo. Ni afadhali kujifunza udhaifu wetu barabarani kuliko kuujua kwanza katika ndoa au katika fedha za ushirika.

Mwafrika asiyemjua John Stephen Akhwari amepungukiwa na hadithi njema. Mtanzania huyu, mwenyeji wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti. Walioanza walikuwa zaidi ya 70. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda saa nzima na zaidi kabla yake. Giza lilikuwa limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Lakini je, kumaliza ni wema siku zote? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanafalsafa wa karne ya 13, alifundisha kwamba udumifu ni fadhila iliyo kati ya makosa mawili: upande huu ulegevu, wa yule aachaye kwa uchungu kidogo, upande ule ukaidi, wa yule ashikiliaye pasipo akili. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na upepo wa kusini huweza kuyachafua maji yake upesi. Anayeng'ang'ania kuogelea mawimbi yamepanda, au moyo wake umekwisha kumwonya, huyo si shujaa. Anawaandalia wazazi wake msiba. Tena mtu aweza kuuliza kama Akhwari naye hakuwa mkaidi. Twadhani hakuwa, kwa maana alitibiwa kwanza, akapunguza mwendo, akatembea alipolazimika kutembea. Aliacha kutafuta cheo, wala hakuacha ahadi. Basi anayetaka kuacha na ajiulize: ni akili inayoniambia niache, au ni aibu? Akiacha kwa shauri la akili, arudi nyumbani kwa heshima. Akiacha kwa sababu tu wenzake wametangulia, ajue kwamba ametawaliwa na macho ya watu.

Nayo aibu hii, ndugu msomaji, ndiyo adui wetu mkubwa kuliko uchovu. Ni watu wazima wangapi hawakujifunza kusoma kwa kuogopa kuchekwa na watoto? Ni vijana wangapi walioacha ufundi kwa sababu kiti chao cha kwanza kilisimama upande? Yuko mtawa wa Marekani, Sista Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930. Alifanya triathloni yake ya kwanza akiwa na miaka 52. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza huko Kanada ile ndefu ya kilomita 3.8, 180 na 42. Angaliogopa kuwa mwanafunzi katika utu uzima wake, asingalifika huko.

Tusidanganyane: wa mwisho ni wa mwisho, na nishani ya Mexico ilikuwa haki ya Mamo Wolde. Lakini yapo maswali mawili. La kwanza, nani aliyewapita wenzake? Hilo hujibiwa kwa saa. La pili, nani aliyetimiza neno lake? Hilo saa haiwezi kulijibu, na katika hilo wa kwanza na wa mwisho waweza kuwa sawa kabisa.

Nasi watazamaji tuna wajibu wetu. Kicheko cha jirani kimewaangusha wanagenzi wengi kuliko mlima. Basi popote tumwonapo mtu aanzaye, akiwa majini, darasani au katika karakana, tusiondoke baada ya kumshangilia wa kwanza. Tubaki mpaka wa mwisho naye afike, kwa maana yeye ndiye anayehitaji kuona kwamba wapo waliomngoja.