Tutanunua na Tungenunua

Tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kaskazini mwa Malindi, Waitaliano hawajakauka mjini humo. Kiitaliano husikika ufukweni, hotelini na kwenye vibanda vya vinyago, na vijana wengi wamekiokota hapo hapo kwa masikio. Kisa hiki ni cha kijana wa aina hiyo.

Mume na mke walisimama kibandani kwake, wakawashikashika twiga wa mti, kisha mume akasema: "Compreremmo dieci giraffe..." Sentensi iliendelea, ikaeleza habari za mizigo na ndege, lakini kijana alishatosheka: compreremo, tutanunua, dieci, kumi. Akawafunga twiga kumi kwa magazeti, akawaweka kando. Kesho yake akaja mnunuzi mwingine, fedha mkononi, akaambiwa wale wana wenyewe. Wenyewe hawakurudi. Kijana akawaita waongo.

Hawakuwa waongo. Compreremo ni "tutanunua". Compreremmo ni "tungenunua". Kata silabi uone: com-pre-re-mo, com-pre-rem-mo. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ya kwanza hufunga silabi iliyotangulia, ya pili hufungua inayofuata. Ndiyo maana katika neno la kwanza ile e yenye mkazo huvutwa kidogo, na katika la pili hukatwa, midomo ikatulia kwenye m kabla ya kuendelea. Mswahili hashindwi na hilo: m ya namna hiyo huitamka kila siku katika mmea na mmoja.

Mtego wa pili ni mkazo. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano hakifuati mazoea hayo kila mara. Parlo, "naongea", mkazo uko mwanzoni; parlò, "aliongea", uko mwishoni. Parlano, "wanaongea", hutamkwa PAR-la-no, si par-LA-no.

Kuokota lugha kwa masikio kunafaa, ila masikio nayo yafunzwe. Kila kitenzi unachojifunza, kikate silabi kwa sauti na ujue mkazo unaangukia wapi. Na penye fedha, usiridhike na neno ulilotamani kulisikia. Subiri sentensi iishe, kisha uliza "Quando?", yaani lini. Mwenye nia ya kununua atataja siku. Aliyesema angenunua atakueleza kinachomzuia, na hapo ndipo mazungumzo ya bei huanza.